Walizitundika Picha za Mjukuu Wangu Chumbani kwa Bi Harusi

Mimi ni bibi wa miaka sitini na mbili, wa hapa Mambrui. Chuoni, kwa maalimu wa Kurani, nilihitimu, lakini skuli sikumaliza hata darasa la pili. Mjukuu wangu Zuhura, niliyemlea tangu mamake afariki, alifika kidato cha nne akisoma sanaa. Nani kwetu aliwahi?

Miaka miwili mtoto alichora. Mwanzo mikono yangu ikikuna nazi ilitoka kama mihogo... nikamcheka. Akarudia, akarudia, mpaka siku moja nikaliona kovu langu la kisu kidoleni, pale pale lilipo! Mwalimu wake akamwambia achague kazi zake bora, azitie kwenye jalada moja. Hizo ndizo watahini wangezitazama. Likizo akaja nalo, tukaliweka chini ya kitanda changu.

Binti wa dada yangu, Mwanaidi, alikuwa akimwoza bintiye. Alijua jalada lile ni la nini, maana nilimweleza mwenyewe, nikijigamba. Siku ya harusi mimi niko jikoni kwake napika pilau, Zuhura yuko Malindi kununua rangi... Mwanaidi akaingia nyumbani kwangu akalibeba!

Jioni naingia kumwona bi harusi, nakuta mikono yangu ukutani. Picha zote zimepigiliwa misumari, zimenyunyiziwa marashi, rangi zinachuruzika kama kamasi! Nikamuuliza Mwanaidi amefanya nini.

"Mama mkubwa, usiniaibishe mbele ya wakwe. Ni picha tu, atachora nyingine."

Picha tu? Nilipanda kitanda cha bi harusi na miguu yangu yenye masizi, nikazing'oa moja moja. Vigelegele vikakatika.

Zuhura alirudi kutoka Malindi, nikamwonyesha. Alizianika sakafuni, akakaa kuzitazama. Skuli ilikuwa inafunguliwa kesho yake, na kazi zilitakiwa siku hiyo hiyo... akaenda na chache zilizosalimika. Alama zikatoka mbovu, chuo alichokitamani akakikosa. Na Mwanaidi hadi leo analalamika kwamba niliharibu harusi. Niliharibu, na ningeharibu tena!

Wenzangu, kazi ya mtoto wa skuli ni jasho, sawa na shamba. Nani huingia shambani kwako akakata mahindi mabichi, eti kwa kuwa ni ndugu? Zifungieni kazi za watoto wenu. Ndugu akinuna, mwacheni anune.

Zuhura ameanza upya. Jana alinikalisha kwenye mbuzi, nikune nazi anichore. Nilikaa... lakini kwanza nilitia komeo mlangoni.