Vitundu Viwili vya Kanda

"Shika. Zawadi ya posa yako."

Hasani aliitupa kanda ya kaseti mezani, ikateleza mpaka kwenye sahani ya kashata. Esha hakuigusa. Miaka thelathini na mbili hajamtia machoni mwanamume huyu, leo anatokea Kilwa Kivinje na mvi zake, anaingia sebuleni kwake Rasbura bila hata kuvua hasira mlangoni.

"Hujambo kwanza," Esha alisema.

"Sijambo. Chukua kanda."

"Nani kakwambia nina posa?"

"Lindi nzima inajua. Saa kumi wazee wa Bashiru wanakuja kuchukua jibu. Na mimi nimekuletea jibu ulilonipa mimi."

Mwahija, mdogo wake Esha, alisimama kwenye pazia la jikoni na birika la kahawa mkononi. Hakurudi nyuma. Mambo kama haya hayauzwi dukani.

Esha aliijua kanda ile. Rege za mwanzo kabisa, kabla hazijapakwa poda: besi inatembea taratibu kama mtu aliyekataa kukimbizwa, ngoma za mkono, na sauti za watu walioshiba hasira tu, wamebanana mbele ya maikrofoni moja. Mjomba wake Hasani, mpishi wa kambi ya wapigania uhuru kule Nachingwea, aliachiwa kanda hiyo na mpiganaji mmoja, naye akampa Hasani. Ilikuwa nakala ya nakala, inakwaruza kama mchanga. Mwaka tisini na mbili mgambo walipomkamata Hasani pale Mchinga na kumnyoa nywele zake za rasta mbele ya watu, hawakujua Kiingereza cha nyimbo zile. Hasani naye hakukijua. Lakini alijua zinamsema nani.

Wiki hiyo hiyo, na kichwa chake chenye chale za wembe, alimpa Esha kanda. Ukinikubali, nirudishie. Ukinikataa, kaa nayo.

"Niliirudisha," Esha alisema. "Nilimpa kondakta wa basi mkononi. Sharti lako, nikalitimiza. Hukuja."

"Uliirudisha imezibwa vitundu."

Akaigeuza kanda. Mgongoni palikuwa na vitundu viwili, na kila kimoja kimeshindiliwa karatasi.

"Hivi nilivitoboa kwa mkono wangu ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Wewe ukaviziba. Ukafuta nyimbo zangu, ukaweka taarabu za dada zako. Nikaelewa."

"Uliisikiliza?"

Hasani akatazama ukuta.

"Nimekuuliza, Hasani. Uliisikiliza?"

"Nisikilize nini? Mimi fundi redio. Vikizibwa vitundu, kanda imefutwa."

"Fundi redio. Miaka thelathini na mbili, hukubonyeza hata mara moja."

Simu ya Esha ikatetemeka. Ujumbe wa Bashiru: "Wazee wameshatoka Mtanda. Kahawa iwe tayari. Na lile redio kaseti liondoe sebuleni, wazee hawapendi makelele."

"Anasemaje shemeji mtarajiwa?" Mwahija akauliza.

"Anasema niondoe redio."

"Kwenye nyumba yako?"

Esha aliinyanyua redio, akaiweka mbele ya Hasani.

"Upande wa pili. Mwisho kabisa."

Redio ikagoma. Hasani akaipindua, akafungua kifuniko kwa ncha ya kisu. Mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu ulikuwa umelegea. Akavua raba bendi kwenye mfuko wa kashata, akaivisha kwenye magurudumu. Kisha akaukaza utepe wa kanda kwa kalamu ya biki.

"Umechakaa huu. Ukikatika..."

"Ukikatika, umekatikia mikononi mwako. Washa."

Besi ikatoka. Nzito, ya taratibu, mchanga wake ule ule. Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Haukuwa umefutwa hata neno. Ukabaki mkwaruzo mtupu, halafu kuku akalia, halafu sauti ya msichana, anaongea kwa haraka:

"Hasani, sijafuta kitu. Nimengoja wimbo uishe ndiyo niseme. Nimekubali. Baba kaapa sitaolewa na mhuni wa nywele. Basi Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa Mchinga, kituoni, na mfuko wangu. Usipokuja nitajua umegeuka."

Kaseti ikakata.

"Ulikwenda?" Hasani aliuliza.

"Nilikaa pale tangu saa mbili. Saa tano baba akanikuta na mfuko. Mwezi uliofuata nikaozwa Nangurukuru, kwa mtu ambaye sikuwahi kumsikia akicheka. Mungu amrehemu. Na siku zote hizo nilijua umenisikia, ukanyamaza."

"Nilikuwa na hasira, Esha."

"Hasira za nyimbo hizi ziliwahusu mgambo na mabwana zao. Wao hukuwagusa. Ukanipiga nazo mimi."

Hasani akavua kofia.

"Hodi humu ndani," sauti ikaita nje.

"Dada, wamefika," Mwahija akanong'ona. "Niwaambieje?"

"Wakaribishe. Kahawa waipate."

Hasani akanyoosha mkono aiondoe redio.

"Iache hapo hapo."

Wazee watatu wakaingia. Esha akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akamimina kahawa. Yule mkubwa wao akaitazama redio, akamtazama Hasani, akakohoa.

"Haya mama. Bashiru anangoja simu yetu. Tumwambie nini?"

"Mwambieni hajanikosea kitu, wazee wangu. Ila redio yangu haitoki sebuleni."

"Redio tu ndiyo inakuzuia?"

"Inatosha."

Mzee akakigeuza kikombe, akakiweka chini. "Na huyu bwana?"

"Huyu ana safari," Esha alisema. "Ijumaa, Mchinga, saa mbili asubuhi. Atakaa kituoni na mfuko wake. Nikija, nimekuja."

Ijumaa Hasani alifika saa kumi na mbili na nusu. Ikapita saa mbili. Tatu. Nne. Wauza samaki wakamcheka. Mara mbili alisimama aondoke, mara mbili akakaa.

Saa tano Esha akashuka kwenye basi dogo, redio kwapani.

"Umechelewa," Hasani alisema.

"Sijachelewa. Nilitaka ukae kama nilivyokaa." Akampa redio aibebe. "Haya, nipishe na mimi nikae."