Mkwaju Uliofungwa Waya

Kidonda kilikuwa kidogo, ukucha wa kidole cha mwisho ungekifunika, tena kilikuwa kimepakwa dawa vizuri kuliko anavyopaka yeye. Hilo ndilo lililomkera. Mtu kakata tawi la mkwaju wake, kalikata palepale ambapo yeye alikuwa anasitasita wiki nzima alikate au aliache, kisha kaziba kidonda, kalainisha kingo kwa kidole, kaenda zake.

"Dada! Nani kagusa mkwaju wangu?"

Bwana huyu alikuwa fundi saa, lakini mtaani walimwita Kinyozi, maana akishafunga kibanda chake tu, utamkuta nyuma ya nyumba na mkasi mkononi, ananyoa miti. Si miti ya kawaida. Ni bonsai, ile inayolelewa kwenye vyungu bapa, ikakatwa mizizi na kufungwa waya, mpaka inazeeka bila kurefuka. Alikuwa nayo mingi hata pa kuanika nguo hapakuwepo. Mikuyu, mivinje, mikomamanga, yote imepangwa juu ya mbao, mingine mizee kumshinda yeye na bado ingeenea kwenye kikapu cha sokoni. Asubuhi aimwagilie, jioni aimwagilie, achekeche udongo, abane majani yanayojitia kimbelembele. Na sikufichi, ilikuwa inapendeza.

Dada yake, waliyekaa naye pale nyumbani, ndiye aliyeimwagilia yeye akiwa kazini. Alitoka jikoni akipangusa mikono.

"Mimi? Mimi kucha zangu tu zinanishinda kukata, nije kukukatia matawi yako?"

"Basi ni nani? Wewe ndiye unayeingia huku."

"Muulize mkeo. Au ujiulize mwenyewe, maana siku hizi unaongea na hivyo vijiti kuliko unavyoongea na sisi."

Alifungia mikasi yote sandukuni, ufunguo akautia mfukoni. Kesho yake tawi jingine limekatwa, dawa imepakwa, na waya mpya umezungushwa kwenye shina kwa mpangilio mzuri ajabu. Basi Kinyozi akapandisha hasira. Akamwita dada yake mwongo mbele ya binti yake mdogo. Dada alifunga nguo zake akaondoka na macho mekundu. Na mkwaju uliendelea kukatwa. Kinyozi aliona, akajua amemfukuza mtu bure, akaona aibu kumpigia simu.

Huo mkwaju nao una habari yake. Zamani ulikuwa mti mkubwa nyuma ya gereji iliyofungwa, mti ambao mafundi wa gereji hawakukaa chini yake adhuhuri hata jua liwe kali vipi. Walipokuja kuukata, wakata miti walimaliza mbio mbio wakaacha na kamba zao. Kinyozi yeye alikwenda na msumeno, anapiga mluzi, akachonga chipukizi nene lililoota ubavuni mwa kisiki pamoja na mzizi wake, akalileta nyumbani ndani ya gunia lililolowa. Tangu hapo ndilo lililokuwa roho yake. Alipolifunga waya alilibembeleza kama mtoto: "Tulia. Usirefuke. Ukirefuka utakuwa mti tu kama miti mingine."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kando ya dirisha la uani. Mchana mmoja alisikia mkasi nje. Kach. Kimya. Kach. Akadhani mumewe amerudi kula.

"Baba Chiriku, chakula kiko tayari!"

Kach.

Alitoka na bilauri ya maji mkononi. Hapakuwa na mtu. Juu ya meza ya kazi palikuwa na majani mateke yaliyokatwa sasa hivi, yamekusanywa pembeni vizuri, na hewani kulikuwa na harufu chachu ya ukwaju iliyochanganyika na udi, na nyumba ile haikuwa na udi. Alirudi ndani akafunga dirisha. Jioni hakumwambia mumewe. Aliogopa ataambiwa naye ni mwongo, kama wifi yake.

Kilichomfungua mdomo ni sare ya shule. Binti yao walimwita Chiriku kwa domo lake, alikuwa darasa la pili, na mama yake alimshonea gauni la shule lenye pindo kubwa, la kuachiliwa kadiri mtoto anavyokua. Shule zilipofunguliwa tena alilitoa pindo, akamvisha. Gauni likaburuzika chini. Akalirudisha pindo, likamkaa sawasawa, kama siku ile alipolishona mwaka uliopita. Akachukua utepe akampima bega, akampima urefu, akampima tena. Viatu pia vilikuwa vilevile. Akakumbuka kwamba hajamkata kucha mtoto huyu siku nyingi sana, na kucha zilikuwa fupi, safi.

"Nani anakukata kucha, mama?"

"Fundi."

"Baba?"

"Siyo Baba! Fundi mwingine, anayefanya kazi na Baba. Ana mikono mirefu." Chiriku alikuwa anacheka, anaruka mguu mmoja. "Anasema nikitulia nitapendeza."

Mama aliuacha utepe palepale. Alimpeleka hospitali. Daktari akampima damu, akampima mifupa, akasema mtoto mzima, wengine huchelewa kukua, subirini. Alipokuwa anamvua blauzi kumwogesha jioni ile ndipo alipouona mstari: mbonyeo mwembamba ulioanzia begani, ukamzunguka mkono mara kwa mara mpaka kiwikoni, umepangika vizuri, nafasi sawa kwa sawa, usio na damu wala uvimbe, kama alama inayobaki kwenye tawi waya ukishafunguliwa, na yeye alizijua alama hizo kwa sababu aliishi na miti yenye alama hizo tangu aolewe, na alimjua mtu mmoja tu duniani anayefunga waya namna ile.

Alimngoja mumewe mlangoni. Aliongea kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie.

"Unamfanya nini mwanangu?"

"Nani? Mama Chiriku, unasema nini?"

"Nimeuona mkono wake. Niambie unamfanya nini, kabla sijaita watu."

Kinyozi alikwenda kuutazama mkono. Alirudi amepauka, akakaa chini sakafuni. "Wallahi si mimi," alisema. "Wallahi si mimi." Mkewe hakumwamini. Angemwaminije? Hata yeye mwenyewe Kinyozi alianza kujishuku, akainusa mikono yake, akajiuliza kama mtu anaweza kufanya jambo kama hilo usingizini.

Asubuhi mama alimchukua mtoto akaenda naye kwa dada yake yeye mwenyewe, mtaa wa mbali. Kufika, Chiriku akanyamaza. Mchana midomo ikamkauka. Jioni ngozi ya mikono ikaanza kujikunja, akinywa maji hayakai, na kila akiulizwa anataka nini anasema anataka kurudi uani kwa fundi, na mama yake, ambaye alikuwa ameapa hatakanyaga tena nyumba ile, alimbeba mgongoni akakimbia naye barabarani analia kwa sauti bila kujali nani anamtazama, akaingia naye uani, na pale penye mbao za miti mtoto akashusha pumzi, akafumbua macho, akaomba chai.

Basi wakajua hapakimbiliki.

Aliyewaletea mganga ni wifi, ambaye alipigiwa simu hatimaye, akaombwa radhi kwa kilio, akaja bila kusubiri radhi iishe. Mganga mwenyewe alikuwa mama mnene aliyeitwa Bi Miwani, mwenye duka la vitambaa, na alianza kwa kulalamika kuhusu ngazi za nyumba yao. Malalamiko yaliishia mlango wa uani. Alipita miti yote bila kuigusa. Mbele ya mkwaju alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akainama, akanong'ona maneno yasiyosikika, akatega sikio kwa muda hadi chai aliyopewa ikapoa.

"Yumo," alisema. "Hana ubaya na nyinyi. Hiyo ndiyo tabu."

"Tabu vipi, kama hana ubaya?" aliuliza mke.

"Mwenye ubaya ningemfukuza, kazi yangu hiyo. Huyu nyumba yake ilikatwa, kikabaki kipande, akaingia hukohuko, afanyeje? Mumeo kamweka chunguni miaka yote hii, anamwonyesha kazi kila jioni. Kaipenda kazi. Kaijua." Akamgeukia Kinyozi. "Sasa niambie wewe. Siku gani ulimpa mtoto?"

"Mimi? Nimpe jini mwanangu?"

"Kumbuka vizuri. Yeye hasemi uongo, anasema alikabidhiwa."

Kinyozi aliutazama mkwaju. Kisha akashika kichwa, na mkewe, aliyekuwa anamtazama, akaona jinsi jambo lilivyokuwa linamrudia. Ilikuwa jioni moja tu ya kawaida. Chiriku amempakata, wanautazama mkwaju uliotoka kufungwa waya, mtoto ananukia sabuni, anamwimbia wimbo wa shule, na yeye, kwa mapenzi tu, kwa ujinga wa mapenzi, alimbusu utosini akasema huku mkono uko juu ya shina: "Laiti na huyu angebaki hivi hivi."

"Kila baba husema hivyo!" alilia. "Kila baba!"

"Lakini hawasemei hapa," alijibu Bi Miwani.

Mkewe alikaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa kanga. Alikuwa amemdhania mumewe, ikawa ndiyo na ikawa siyo, na hakujua amchukie kwa lipi.

Dawa ilikuwa moja. Mkwaju urudishwe ulikotoka, ufunguliwe waya, upandwe ardhini uende utakavyo, na aliyesema neno alirudishe kwa mdomo wake. Wakaenda jua lingali juu, nyuma ya gereji, kando ya kisiki. Kinyozi alikata waya kwa koleo, kipande kipande, na kila kipande kilipoanguka Chiriku alisema "aah" kama mtu anayevuliwa kiatu kinachombana. Harufu ya udi ilijaa mpaka wifi akakohoa. Mti ulipokaa shimoni, Kinyozi alipiga magoti akausogelea, akaanza kuongea.

Neno lenyewe la kurudisha lilikuwa fupi, Bi Miwani alikuwa amemfundisha njiani. Lakini Kinyozi aliongea, na akaongea, na kuna mahali alisita kama anayejibiwa, akatikisa kichwa, akamtazama mwanawe, kisha akasema jambo jingine polepole akiwa ameweka kiganja kifuani. Bi Miwani, aliyesimama karibu kuliko wote, aligeuka ghafla.

"Wewe! Hilo sikukutuma."

"Tumemaliza," alisema Kinyozi. "Twendeni nyumbani."

Na kweli waliona raha. Chiriku alikula kama kalipwa kula. Gauni lile mama aliachia pindo lote, kisha likawa fupi kabisa, akashona jingine huku machozi ya furaha yanadondokea kitambaa. Viatu vikaanza kumbana. Kinyozi aliigawa miti yake yote, mmoja hakubakiza, na uani wakafunga kamba za nguo mwisho hadi mwisho. Wifi akarudi na mabegi yake na mdomo wake.

Lakini fundi cherehani ana macho ya fundi cherehani. Siku moja mumewe alimletea suruali apunguze miguu.

"Imevutika," alisema.

"Suruali haivutiki, Baba Chiriku."

Akampunguzia. Akaleta nyingine. Halafu mikono ya shati. Wifi akacheka kwa sauti, "Kaka, unarudi shule?" Mkewe hakucheka.

"Siku ile ulimwambia nini?" alimuuliza wakiwa wawili.

"Nilimwambia asante."

"Ulimwambia nini?"

"Mtoto anakua au hakui? Basi." Na akambusu paji la uso, ikabidi asimame kwa vidole vya miguu ili amfikie.

Asubuhi moja alitoka na beseni la nguo, Chiriku yuko nyuma yake, akamkuta mumewe amesimama katikati ya uani, kifua wazi, amefumba macho, jua linampiga usoni. Watu wa miti ile ya vyunguni wana kazi moja ndogo wasiyoiacha kamwe: kila baada ya siku chache hukigeuza chungu, ili upande uliokuwa kivulini nao upate mwanga. Mke alikuwa anataka kumwita. Akaona mumewe anageuka. Miguu haikunyanyuka, magoti hayakukunjika, aligeuka mwili mzima kwa mara moja, taratibu, bila kupepesuka, kama vile kuna mtu amemshika mabegani kwa uangalifu mkubwa, mpaka mgongo ukalielekea jua, na kwenye mgongo huo, kutoka shingoni kwenda chini, mkewe akaiona mistari, imepangika vizuri, nafasi sawa kwa sawa. Beseni likamponyoka.

Chiriku yeye hakushtuka. Aliinua macho, akatazama juu kidogo ya kichwa cha baba yake, akapunga mkono.

"Shikamoo, fundi," alisema.