Bango la Samaki Wenye Milia

Saa moja na dakika kumi asubuhi, samaki namba saba aliogelea dhidi ya mkondo kwa sekunde kumi na nane. Binti alizihesabu, akaziandika. Wiki nane nyuma uti wa mgongo wa samaki huyo mwenye milia, mfupi kuliko kidole, ulikatwa katika maabara ya chuo anakofanya kazi shangazi yake.

"Kuna protini inayoamsha seli zijenge daraja penye mkato," shangazi alimweleza. "Neva zinapita hapo. Wa tangi la pili hawana hiyo protini, ndiyo maana hawaendi mbali."

Binti akachora bango la maonyesho ya shule: PROTINI YA SAMAKI INAPONYA UTI WA MGONGO. Lilishika nafasi ya kwanza, likabandikwa getini.

Kaka yake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi kazini. Kila jioni alinyooshwa miguu kwa mkanda ili magoti yasikakamae. Shule ilipofungwa binti alisafiri; aliporudi likizo ilipoisha, alikuta mkanda umetundikwa na kopo la unga wa kijivu mezani.

"Mazoezi vipi, kaka?"

"Nimestaafu," kaka akacheka. "Muuza dawa kasema hii ni protini ya samaki, vijiko viwili, kutwa mara tatu, nisijichoshe. Mwezi ujao tutakimbizana, jiandae kushindwa."

Binti alimshika goti la kulia. Liligoma kunyooka. Siku kumi tu bila mkanda, na kazi ya miezi imekwenda na maji.

Damu ilimchemka. Alilibeba kopo, akamfuata shangazi, wakaenda hadi kwenye kibanda cha muuza dawa.

"Umemdanganya kaka yangu," alisema bila hata salamu.

"Mimi tena? Hata shule yenu inajua. Soma, mwanangu." Muuza dawa alimwonyesha picha kwenye simu. Lilikuwa bango lake.

"Hilo linahusu samaki, si watu."

"Limesema wapi?"

Binti alitafuta. Halikusema popote.

Shangazi hakupandisha sauti. "Protini ukiimeza, tumbo linaisaga kama maharage. Haifiki mgongoni. Na bango halikukwambia umwachishe mtu mazoezi. Hilo umelitunga mwenyewe, na utalieleza ofisi ya afya." Kopo akalipeleka huko mchana uleule.

Njiani binti alikuwa bado anafoka. "Tapeli mkubwa yule."

"Ni tapeli. Na wewe je?"

"Mimi sijauza kitu, shangazi."

"Hujauza. Lakini ulijua kwamba kwa binadamu bado. Mbona hukuandika?"

"Nilitaka iwe kweli. Kwa ajili ya kaka."

"Hata mimi nataka. Ndiyo maana naandika hata samaki wasioogelea. Ukweli ukiupunguza, mwanangu, unampa mwongo mtaji, na anayeumia ni yule uliyetaka kumfurahisha."

Jumatatu mwalimu mkuu alimpa ruhusa na kalamu nyekundu. Alipanda kwenye stuli getini, akaongeza: KWA SAMAKI. KWA BINADAMU BADO HAIJATHIBITISHWA. Jioni alimsomea kaka yake maneno hayo, akamwomba radhi. Kaka alinyoosha mkono ukutani, akautungua mkanda.

Siku ya ishirini na mbili tangu arudie mazoezi, saa kumi na moja na robo jioni, goti la kulia lilinyooka lote.