Ndani ya Lifti, Ghorofa Moja Kabla ya Saini

Mlango wa lifti ulikuwa umebakiza upana wa kiganja Nungunungu alipoupiga kabari kwa kiatu.

Akajipenyeza ndani.

Dalali akamtazama, akatabasamu, akachomoa bastola aina ya Glock. Mlango ukajifunga. Lifti ikaanza kupanda.

Nungunungu, jasusi wa idara ya usalama aliyejulikana kwa jina hilo tu, alikuwa amemfukuza mtu huyu tangu maegesho ya chini. Dalali alitumwa na wauza dizeli wa ng'ambo. Huko juu wafadhili walikuwa wamekaa ukumbini, tayari kutia saini mkopo nafuu wa kupeleka umeme wa jua kwenye zahanati za vijijini. Kwenye skrini walitazama kituo cha mfano, mafundi wakihangaika kati ya betri. Chini ya betri hizo kulikuwa na bomu, na simu ya Dalali ndiyo ingelilipua. Wenye fedha wangetimua mbio. Nchi ingebaki kukopa dizeli kwa mabwana wa Dalali, kwa riba ya kukaba koo.

Dalali akabonyeza simu.

Kimya. Lile sanduku la chuma halikupitisha mtandao.

"Tukifika juu itashika," akasema.

Nungunungu akapiga ngumi kitufe cha dharura. Simu ya waya ya lifti ikaitikiwa na fundi wa jengo, mwenzake wa idarani.

"Zima lifti. Usifungue mpaka vijana wetu walitegue bomu na wafadhili watie saini. Hata ukinisikia nalia."

"Dada, humo hakuna hewa."

"Zima."

Lifti ikagutuka, ikasimama. Feni ikafa. Kikabaki kijitaa chekundu.

Mtutu ukamgusa shingoni. Dalali akamtaka amwamuru fundi afungue. Akajibiwa kwamba fundi anatii sauti moja tu. Akiizima, atakaa humo na maiti.

Joto likapanda. Dalali akabadili kibao, akaahidi nyumba, pasipoti, maisha mapya. Nungunungu akamkumbuka dada yake. Huyo alikuwa muuguzi kijijini, akizalisha wanawake tochi ikiwa mdomoni. Mwezi uliopita tochi ilizimika katikati ya kazi. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kuta zilikuwa kama zinasogea. Aliogopa, na hakujidanganya kuwa haogopi.

Kisha Dalali akatazama juu.

Kifuniko cha dari.

Akakanyaga reli ya pembeni, akakisukuma, akatoa mkono wenye simu nje. Mstari mmoja wa mtandao ukawaka.

Nungunungu akamrukia miguuni. Risasi ikalia, ikamchana bega. Hakuachia. Akaning'inia kwa uzito wake wote mpaka wakaporomoka pamoja, na simu ikabaki juu ya paa, ikateleza, ikadunda, ikapotelea shimoni.

Akaipiga bastola teke. Pingu zikalia.

"Umeniua," Dalali akanong'ona. "Wale walionituma hawasamehe."

"Pole."

Sauti ya fundi ikakwaruza. "Dada? Wametia saini. Bomu limeteguliwa."

"Fungua."

Walinzi wakamkokota Dalali. Fundi, uso umempauka, akamsihi Nungunungu akae amsubiri daktari.

Nungunungu akavaa koti juu ya bega lililolowa damu, akauliza ngazi ziko wapi, akashuka kwa miguu.