Hapana ya Kando ya Bwawa

Duka la jumla lilikuwa limefurika kama kawaida ya Jumamosi. Watu walisukuma mikokoteni, watoto walilia, na kipaza sauti kilitangaza punguzo la sabuni ambalo hakuna aliyelisikiliza. Katika foleni ya pili alisimama mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, mkokoteni wake umejaa mifuko ya chumvi iliyopangwa mpaka usawa wa kifua.

Nyuma yake alisimama msichana wa gauni la njano, mikono ya puto, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani wa magauni ya harusi, na alikuwa ametoka kibandani kwake mara moja tu kutafuta nyuzi nyeupe. Uvumilivu ulimwisha.

"Samahani kaka," akasema, "huo mchuzi wako una ukubwa gani?"

Mwanamume akageuka, akatabasamu. "Si mchuzi, bibie. Ni bwawa."

"Unapika bwawa?"

"Bwawa la kuogelea. Namwaga chumvi majini, halafu nafunga mtambo. Maji yakipita ndani yake, umeme unaigeuza ile chumvi kuwa dawa ya kuua vijidudu. Mwenye nyumba anaachana na kumwaga klorini ya unga kila siku."

"Mtu mwenye chumvi yote hiyo," msichana akasema, "lazima na maneno yake ayatie chumvi."

Foleni nzima ikacheka. Mwanamume naye akacheka mpaka mfuko wa juu ukamponyoka. Walipoinama kuuokota, vichwa vyao vikagongana, na tangu hapo, kwa msichana, mwanamume akawa Chumvi. Naye, alipoona sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni la njano, akamwita msichana Sindano.

Lakini msichana alikuwa ameacha kucheka.

"Hiyo dawa ya mtambo," akauliza, "haiwashi ngozi?"

"Klorini ni klorini, siwezi kukudanganya. Ila hii inatoka kidogo kidogo, wakati wote. Ikipimwa vizuri, wengi wanaokerwa na ile ya unga wanaivumilia. Kwani vipi?"

Akamweleza. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kushoto umelegea. Mtaalamu wa viungo alisema atembee ndani ya maji, kwa sababu maji humbeba mtu. Walimpeleka kwenye bwawa la kulipia, akarudi na vipele mwili mzima. Na nyumbani kwao lilikuwepo bwawa alilolijenga marehemu baba, lakini sasa lilikuwa makazi ya vyura.

"Nipe namba yako," Chumvi akasema. "Ya kazi," akaongeza haraka.

"Kwani kuna nyingine?"

"Itakuwepo ukitaka."

*

Nyumba ya kina Sindano ilikuwa kubwa na ya zamani, varanda pana, rangi imebanduka madirishani. Aliyeishika tangu baba afariki alikuwa kaka mkubwa, mtu wa tai na sauti nzito, ambaye hata akiomba chumvi mezani utadhani anasoma hukumu. Sindano alimpa namba ya fundi aliyoipata dukani; kaka akampigia mwenyewe, akamtazama Chumvi kuanzia viatu, akakubali kazi ianze.

Chumvi akaanza na uchafu. Alitoa maji ya kijani, akasugua kuta kwa brashi mpaka vigae vya samawati vikaonekana, akabadilisha mchanga wa chujio. Kisha akakata bomba la kurudisha maji, baada ya pampu na chujio, akaunganisha hapo kopo la plastiki angavu lenye mabamba ya chuma ndani. Ukutani akafunga kisanduku cha kuliongoza, chenye kitufe cha kuzungusha.

Kila alasiri Sindano alifunga kibanda mapema. Alileta chai, akakaa kwenye ngazi za bwawa tupu, miguu imening'inia.

"Hilo kopo ndilo linalofanya kazi yote?"

"Ndilo. Mimi nazugazuga tu nikusubiri na chai."

"Nitamwambia kaka akupunguzie ujira."

"Mwambie. Halafu mwambie na lile la pili."

Lile la pili, la mapenzi yao, ndilo lililokuwa gumu. Kaka alikuwa amekwisha kumtajia mara kadhaa rafiki yake wa ofisini, mtu wa maana, mwenye nia. Akijua dada yake anapendana na fundi wa bwawa, angemfukuza siku hiyo hiyo.

"Na atakayeumia ni mama," Sindano akasema. "Nipe muda, mpenzi. Kazi ikiisha, nitamwambia kwa mdomo wangu."

"Naogopa kitu kimoja tu," Chumvi akasema. "Ukizoea kunificha, utashindwa kunitoa."

"Acha hizo."

Akaacha. Lakini kaka alipotokea varandani, Sindano alisimama, akakung'uta gauni na kusema kwa sauti kavu, "Fundi, usisahau kufunga geti." Chumvi akajibu, "Sawa, bosi," akaendelea kupaka gundi bombani. Jioni walicheka juu ya jambo hilo kwenye simu. Sindano ndiye aliyecheka zaidi.

*

Bwawa likajazwa maji mapya. Chumvi akamimina mifuko yake upande wa kina kifupi, akaizungusha kwa brashi huku pampu ikivuma. Alikuwa ameahidi kwenda mji wa jirani kutengeneza pampu ya hoteli, hivyo mtambo akauacha umezimwa. Kaka alikuwa kazini. Chumvi alimpigia akiwa njiani, akampigia tena, simu haikupokelewa. Akampigia Sindano.

"Sindano wangu."

"Abee, Chumvi yangu. Umeshanikumbuka na hata jijini hujatoka?"

"Nimekukumbuka, ila sikiliza, hili si la mahaba. Chumvi haijayeyuka yote. Mtu asiwashe mtambo, na mama asitie hata kidole majini mpaka nirudi Jumatatu nipime. Kaka yako hapokei. Mwambie."

"Nitamwambia."

"Kweli?"

"Jamani! Mama ni wangu au wako?"

"Ni wetu," Chumvi akasema, na sauti yake ikawa laini.

Sindano akaenda sebuleni akiwa bado anatabasamu. Kaka alikuwa ametoka kazini, tai imelegezwa, anasikiliza taarifa ya habari. Akafungua mdomo. Hapo hapo akaliona swali litakalofuata: fundi amekupigia wewe kwa nini? Namba yako kaipata wapi? Akafunga mdomo. Nani atakayegusa mtambo, akajiambia. Nitamwambia kesho.

Kesho yake, Jumapili, kulikuwa na bibi harusi wa kupimwa gauni, akatoka mapema.

Kaka naye, pamoja na ukali wake wote, alimpenda mama yake. Alitaka Jumapili hiyo amfurahishe. Akazungusha kitufe mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa hakuuamini mtambo uliokuwa kimya namna ile, akaenda stoo, akatoa kopo la klorini ya unga iliyobaki tangu enzi za baba, akamwaga yote. Ilipovuka adhuhuri, yeye na mtaalamu wa viungo wakamshusha mama majini.

Mama hakulalamika mwanzoni. Alidhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Walipomtoa, macho yalikuwa yamevimba, ngozi imewiva, na anakohoa kama mtu aliyepaliwa na moshi.

*

Jumatatu Chumvi alifika na vichupa vyake vya kupimia maji, akiwa hana habari. Sindano alikuwa amelia hospitalini mpaka sauti ikakauka, na simu zote za Chumvi hakuzipokea. Kaka alikuwa akimsubiri Chumvi kando ya bwawa.

"Umemchoma mama yangu."

Chumvi akachovya kichupa, akatia matone, maji yakabadilika rangi mara moja. Akatazama kitufe ukutani. "Nani amewasha? Na humu kuna kitu kimeongezwa."

"Usinigeuzie kibao. Ulituambia tusiwashe?"

"Nilikupigia, hukupokea. Nikamwambia dada yako kwa simu."

Kaka akageuka taratibu. Sindano alikuwa amesimama kwenye varanda, khanga mabegani, macho mekundu.

"Dada yangu? Fundi anakupigia simu wewe? Alikwambia?"

Upepo ukavuma, brashi iliyoegemezwa ukutani ikaanguka. Chumvi alimtazama Sindano bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesubiri chenji yake dukani.

"Hapana," Sindano akasema. "Hajanipigia."

Chumvi alimwaga maji ya kichupa kwenye nyasi, akafunga kisanduku chake, akaondoka. Getini alisimama kidogo, pengine akitumaini kuitwa. Hakuitwa.

Kaka hakuishia hapo. Mtaa ule ulikuwa na mabwawa mengi, na wenye mabwawa wanajuana. Neno likapita kutoka geti hadi geti: fundi yule anachoma watu. Waliomwita kwa wiki iliyofuata wakaghairi. Waliokuwa wateja wake wa miaka wakasema watampigia. Kilichombakia Chumvi kikawa ajira katika kituo cha kusafisha maji, nje kabisa ya mji, kupokezana zamu na watu asiowajua.

Sindano alimpigia asubuhi, alimpigia mchana. Siku moja Chumvi akapokea.

"Chumvi, tafadhali, nisikilize."

"Dada, nadhani umekosea namba," sauti ya upande wa pili ikasema, tulivu. "Mimi na wewe si hatujawahi kupigiana simu?"

Akakata.

*

Mama alirudi nyumbani, ngozi ikibabuka kama ganda la kitunguu lakini akili timamu. Kiharusi kilikuwa kimempunguzia maneno, hakikumpunguzia macho. Alimwona binti yake akishona ukingo wa gauni moja, akiufumua, akiushona tena.

"Yule fundi," mama akasema. "Ulikuwa unampelekea chai kwenye kikombe cha baba yako. Kikombe hicho hujawahi kumpa mtu."

Sindano akaweka sindano chini. Akasema yote, tangu foleni ya dukani mpaka neno lile la varandani.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Mwite kaka yako."

Kaka alipoambiwa, uso ulimpauka. Yeye peke yake ndiye aliyejua habari za kopo la stoo, na alikuwa amejiapiza kutolitaja. Akakaa kwenye mkono wa kochi. "Mimi ndiye niliyemwaga," akasema. "Nilidhani namsaidia mama." Ikawa mara ya kwanza kwa Sindano kumwona akilia tangu mazishi ya baba.

Mama ndiye aliyempigia Chumvi. Maneno yalimtoka kwa tabu, moja moja. Chumvi hakuweza kumkatia simu.

Alikuja siku yake ya mapumziko. Kaka alimpokea getini, akaomba radhi amesimama, na siku zilizofuata akapita kwa majirani kusema ukweli, hilo tumpe. Chumvi alimpa mkono. Kisha akapiga magoti kazini. Alipunguza maji yale makali, akaongeza mapya, akapima ukali wake, akapima chumvi, akasubiri, akapima tena. Akawasha mtambo chini kabisa. Mapovu membamba yakaanza kupanda ndani ya kopo, meupe kama uzi.

Kabla mama hajashushwa, Chumvi aliingia mwenyewe mpaka shingoni, akazama na macho wazi, akaibuka.

"Karibu, mama."

Mama akaingia. Akasimama. Akanyanyua mguu wa kushoto, ambao nchi kavu ulikuwa ukiburutwa, akauweka mbele. Akaunyanyua tena. Akacheka, upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka.

Sindano alimfuata Chumvi nyuma, kwenye kibanda cha pampu. Alikuwa amevaa gauni jeupe la kitani alilolishona wiki ile.

"Kaka anajua. Mama anajua. Nimewaambia majirani, nimewaambia mafundi wenzangu. Hakuna ambaye sijamwambia." Akamsogelea. "Nioe, Chumvi. Kama hutaki kuleta posa, nitaileta mimi. Wacha wanicheke."

Chumvi aliendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu baada ya mikono kukauka.

"Nilishakusamehe," akasema. "Usije ukadhani nina kinyongo."

"Basi?"

"Siku ile sikumwogopa kaka yako. Angenipiga, ningekuja kesho yake kukusalimia. Nilikutazama nikijua utasema. Sikuwa na shaka hata ya punje." Akakunja kitambaa. "Wewe hukusita. Hata kidogo. Sasa nikikuoa, kila nikikuuliza jambo nitakuwa nasikiliza kama umesita. Hayo si maisha, kwako wala kwangu."

"Nilikuwa na hofu."

"Najua. Na hofu nyingine zitakuja."

"Unanipenda?"

Chumvi akainua uso. "Kweli hilo unaniuliza?"

Akamwonyesha namna ya kupima maji, matone mangapi, rangi ipi ni salama. Alirudia mara mbili, kwa upole, kama anavyomfundisha mteja yeyote. Sindano aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondokea kwenye kifua cha gauni. Kisha Chumvi akambusu kwenye paji la uso, akabeba kisanduku chake, akamuaga mama, akamuaga kaka, akatoka. Injini ya kigari chake ilikataa kuwaka mara ya kwanza. Ya pili ikakubali.

Sindano alibaki amesimama pembeni ya pampu mpaka muungurumo ulipopotea.

"Ameondoka?" mama akauliza kutoka majini.

"Ameondoka."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, mama."

Kaka akajifanya anatazama kisanduku cha ukutani.

"Njoo unishike," mama akasema hatimaye. "Mguu umeanza kuchoka."

Sindano akavua viatu, akaingia na gauni lake jeupe.