Sauti ya Ng'ambo

Siku Apolonia alipomwamkia mwanamume asiyemjua katika gulio la Ifakara, mwanamume yule alimtazama tu asimjibu. Lilikuwa gulio la kabla ya masika, watu wakipigana vikumbo kati ya mafungu ya samaki wa kukaushwa na magunia ya mchele. Apolonia alikuwa amevaa gauni la maua ya samawati na kitambaa cheupe kichwani, na mikeka yake ya ukindu ilitandikwa mbele yake.

"Kaka," akamwambia, "kwenu salamu huliwa?"

Mwanamume akatema kamba aliyokuwa ameishika kwa meno huku akifunga gunia nyuma ya baisikeli. "Nimekujibu moyoni, dada. Kinywa kilikuwa kazini."

"Ya moyoni haisikiki. Nirudishie salamu yangu, au nipe iliyo njema kuliko hiyo."

"Basi njema sana, dada mwenye mikeka mizuri na ulimi mkali."

"Sasa umezidisha."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

Apolonia alicheka, naye hakuwa mwepesi wa kucheka. Alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa, ila utoto wake ulipita ukuta kwa ukuta na jirani Mwislamu, na kwake alijifunza kwamba kuanza salamu ni sunna, kuirudisha ni faradhi. Asiyerudisha amebaki na haki ya mtu.

Mwanamume huyo alikuwa Ponsiano, mkulima wa mpunga wa Lupiro, ng'ambo ya mto. Tangu siku ile akawa anafika asubuhi ukingoni kwao, pale Kilombero unapobanwa na kingo mbili, mkabala na mahali ambapo Apolonia na shangazi yake Theodosia walichota maji. Maji yaliichukua sauti kama sinia lichukuavyo sahani.

"Apolonia ee!"

"Abee! Ponsiano ee!"

"Naam! Nakupenda!"

"Neno hilo lina mguu mmoja, litaanguka!"

"Basi litie wa pili!"

"Tunapendana!" alijibu Apolonia, na wanawake wenye mitungi wakampigia vigelegele.

Masika yalipokaribia, Ponsiano aliahidi kwa sauti iliyosikika kingo zote mbili: "Jumamosi nakuja mwenyewe kukuchukua, ukamwamkie mama!"

Jumamosi hiyo mto ulikuwa umekwisha kupanda, mwekundu, ukibeba magogo na mabua. Apolonia alingoja tangu jua kuchomoza, amevaa kanga mpya. Katika ukungu ukatokea mtumbwi wa Wendelin mvushaji, ukija taratibu, pasi na mtu wa kuuongoza. Ulipokaribia, waliokuwa ukingoni waliona si ndani yake bali tumbo lake, limegeukia juu na kung'aa. Kasia lilipatikana bondeni. Wendelin hakuonekana, wala mtu yeyote aliyekuwa naye.

Apolonia alivaa nguo nyeusi. Mto ukafurika, hapakuwa na wa kuvuka kwenda wala kurudi, na habari zikakatika.

Asubuhi moja alipoinama kuchota, ukungu ukasema, "Apolonia ee!"

Ilikuwa sauti ya Ponsiano, imepwaya, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Apolonia alifungua kinywa. Theodosia akakiziba kwa kiganja chenye maji.

"Usiitikie, mwanangu. Aliyezama huita. Ukimwitikia, umekubali safari yake."

"Ni Ponsiano, shangazi."

"Ndiyo, ni yeye. Ndiyo maana nakuziba. Mfu huita tu, haitikii. Mwite uone."

Apolonia akaita kwa nguvu zote: "Ponsiano ee!" Ng'ambo kukawa kimya, kimya kile cha mtu anayeshika pumzi. Kiboko akapumua mahali fulani, kisha pasiwe na kitu.

"Umeona," alisema Theodosia.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi sauti iliita, Apolonia akanyamaza; naye alipozidiwa na huzuni akaita, sauti ikanyamaza. Alikonda. Ukindu ulikauka mikononi mwake bila kusukwa. Watu wa kivuko waliacha kuteka maji pale, wakisema mto umemtaja na utamchukua.

Siku moja alisimama katikati ya kilio. "Shangazi, mfu ni yule aitaye asiitikie?"

"Ndivyo tulivyopokea."

"Mimi nimemwita mara ngapi? Na aliponiita nilimjibu?"

Theodosia akautua mtungi.

"Kama yuko mtu kule anisikiaye," alisema Apolonia, "basi kwa kipimo chako mimi ndiye mzimu."

"Apolonia, ukikosea utakufa."

"Najua." Akaingia majini hadi magotini. Theodosia akamshika upindo wa kanga kwa mikono miwili, na sauti ikaja kama kawaida, imechoka: "Apolonia ee!"

"Abee!"

Ukungu haukutikisika. Alihisi mchanga ukitoka chini ya nyayo zake. Akaita, akikokota kila herufi, "Ponsiano ee!"

"Naam."

Ilikuwa karibu, nzito, tulivu. Apolonia akaanguka mikononi mwa shangazi yake, akilia kwa furaha.

Maji yalipolegea, mtumbwi ulikuja na ndani yake Ponsiano, amevaa shati jeupe, mashavu yamebonyea. Alikataa kushuka. "Nishike kwanza." Apolonia akamshika kifundo cha mkono.

"Una moto, bwana."

"Nawe una baridi, ila ni ya maji." Hapo ndipo akashuka. "Jumamosi ile mama alishikwa na homa. Nikamtuma Wendelin akuchukue. Mtumbwi ulipopinduka tulidhani yuko njiani kurudi, nawe umo. Nilipokulilia nikasikia unaniita, nao watu wa kwetu wakaniziba kinywa."

"Lakini mwisho ukaitika."

Ponsiano akamtazama. "Sikuitika. Niliposikia 'Abee' nilikimbia. Nikiwa juu ya ukingo nikasikia mtu akisema 'Naam' kutoka majini. Nikasema moyoni, kumbe yuko aliyemjibu, ni mimi tu mwoga. Nikaona haya, nikaanza kutafuta mtumbwi."

Theodosia akajifunga kanga upya. "Wendelin," alisema polepole. "Aliitikia kila mtu, wa ukingo huu na ule. Nasi tangu azame tumekuwa tukiwalilia nyinyi wawili tu. Yeye hana aliyemwita."

"Nimekuja kuposa," alisema Ponsiano kwa sauti ya chini.

"Nimekubali. Mpunga ukivunwa, mlete mama." Apolonia aliyageukia maji. "Ila leo kuna mtu tunayedaiwa naye wito."

Akaita, "Wendelin ee!" Ponsiano akaita baada yake, kisha Theodosia, kwa sauti ya kizee iliyokatika katikati ya jina. Mto ukapita. Ya ghaibu anayajua Mola peke yake. Wale watatu wakabaki wamesimama pale, wakisikiliza kwa adabu, kama abiria waliofika kivukoni mapema na ambao hawana haraka ya kuvuka.