Amana ya Mjomba Khalifa

Kila asubuhi kabla ya shule, Asmahani aligeuza mbata uani kwao, Pangani. Nazi zilizopasuliwa zilianikwa juani hadi zikauke vizuri, ndipo mama yake, Bi Najat, awapelekee wakamua mafuta.

Jumatatu, Mjomba Khalifa, kaka wa Bi Najat, alileta gunia la mbata.

"Hii ni amana, mama," alimwambia mpwa wake Asmahani akicheka. "Nitalichukua Ijumaa. Hata panya asilifungue!"

Nyumbani kwao kitu cha amana hakiguswi. Bi Najat hakuuliza kilichomo.

Jumatano mvua ilinyesha ghafla. Asmahani alipoburuta gunia la mjomba kutoka uani hadi barazani, lilikuwa limekwisha kulowa. Alijua mbata ikilowa huota ukungu, kwa hiyo akalifungua ili aianike. Chini ya mbata, ndani ya kanga kuukuu, akakuta pembe mbili za ndovu, fupi kuliko mkono wake. Zilikuwa na damu iliyoganda.

"Mama!"

Bi Najat alizitazama, akakaa chini. "Ndovu mwenyewe alikuwa mtoto," alisema.

"Tulifunge tu," Asmahani alinong'ona. "Mjomba atafungwa jela. Tena ni amana."

"Amana hurudishwa kwa mwenye mali. Mwenye pembe hizi yuko wapi?"

Asmahani akaliachia gunia.

Bi Najat alilia kidogo, akafuta uso, akawapigia simu askari wa wanyamapori.

Ijumaa Khalifa alipofika, askari wawili walikuwa uani.

"Shikamoo, mjomba," alisema Asmahani kwa mazoea. Khalifa hakuitikia. Alimtazama dada yake.

"Najat! Mimi damu yako!"

"Ndiyo maana nililia kwanza," alijibu Bi Najat.

Tangu siku hiyo, Shariffa, mke wa mjomba, hupita mlangoni kwao bila salamu. Shuleni watoto walimzomea Asmahani: "Mchongezi! Kamfunga mjomba wake!"

Alirudi akilia. "Mama, tumekosea?"

"Hapana. Mjomba wako amejifunga mwenyewe. Ukificha haramu ukaiita amana, umeshiriki. Mtu akikupa kitu cha siri, hata awe ndugu, niambie siku hiyohiyo. Pembe huuzwa kwa sababu kuna nyumba zinazozificha. Hii yetu si mojawapo."

Akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Haya, inuka. Mbata haijageuzwa tangu asubuhi."